Maji ya Kijani ya Bi Mwanarusi

Kisa hiki nikimaliza kukiandika utasema yule mjomba ameanza tena. Sema tu, nimezoea. Hapa Kibokoni nikisema mvua yanyesha, watu hutoa mkono dirishani kwanza. Lakini hiki ni cha kweli tupu, na ndicho mtakachokikataa kuliko vyote nilivyowahi kuwapa, hata kile cha papa niliyemvuta masharubu kule Aden.

Mnijue kwanza. Mimi nimekuwa injinia wa meli miaka chungu nzima. Wenye wivu husema nilikuwa mpakaji grisi tu. Haya, nilipaka grisi. Na hiyo mashine isiyopakwa grisi itakwenda wapi? Shule niliiacha mapema, tukaagana vizuri, hakuna aliyemlilia mwenzake. Lakini injini ikikohoa mimi najua imelala vibaya wapi. Kwa hivyo akili ya Khairiya, mtoto wa dadangu, msijisumbue kutafuta imetoka upande gani. Babake, Mungu amrehemu, alikuwa mshonaji kofia, mtu mwema sana, lakini balbu ikiungua alikuwa akiita mtu.

Khairiya alizaliwa nyumba hii hii, ghorofa ya juu, nyuma ya dirisha lenye mbao zilizochongwa. Alipokuwa hajaota meno ya pili aliifungua redio yangu, ile niliyoinunua Karachi, akapanga vipande vyote mkekani. Nilimchapa? Sikumchapa. Nilimwuliza sauti ameiweka wapi. Akanionyesha, kwa kidole, na alikuwa sawa.

Akasoma, akaenda Nairobi, akarudi na shahada ya uinjinia wa maji. Mtaa mzima ulipigwa na butwaa. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Bi Zubeida, mjane mwenye ulimi wa wembe, alimwuliza dadangu pale pale mlangoni: "Mwanamke asomee mabomba? Ataolewa na nani, na tangi?" Dadangu alilia. Khairiya alicheka, akapanda juu ya paa la Bi Zubeida, akamtengenezea tangi lake lililokuwa likivuja tangu mumewe yu hai. Bi Zubeida akanyamaza wiki nzima, na hilo peke yake lilitosha kuwa muujiza.

Khairiya alipata kazi afisi moja ya maji, wala silitaji jina lake, maana nina nyumba hapa na mfereji wangu hutoa maji wanapopenda wao. Siku za kazi alikaa mezani. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Yeye na mwenzake Jared, kijana wa Kijaluo aliyekuwa akifundisha ufundi na kukaa Buxton, walikuwa wakizunguka na spana zao wakitengeneza pampu za watu wasioweza kulipa fundi. Walianza mwaka wa tisini na mbili, walipokuja wakimbizi kutoka Barawa na Mogadishu wakawa wanachota maji ya chumvi. Mimi niliwabatiza jina, nikawaita Mainjinia wa Jumamosi. Wa tatu wao alikuwa Thoya, Mgiriama muuza maji, mwenye mkokoteni. Ndiye aliyekuwa akiwabebea mabomba, na malipo hakutaka. Alikuwa akimwita Khairiya "injinia wangu", kama kwamba amemnunua.

Ungemwona siku moja pale Feri! Amevaa buibui lake, bomba begani, watu wanampisha. Muuza korosho mmoja akamwuliza, "Dada, hiyo bunduki wampelekea nani?" Akamjibu bila kugeuka, "Nampelekea kiu, ile ya kwenu Likoni." Yule muuzaji akampa korosho bure. Muuza korosho wa Feri! Hilo nalo hamtaliamini.

Wachumba walikuja. Waliangalia mikono yake, wakanywa sharubati, wakaenda zao. Tuyaache hayo.

Sasa nije kwenye kisima.

Nyuma ya nyumba yetu, kwenye kiuga kidogo kati ya kuta nne, kulikuwa na kisima cha Bi Mwanarusi. Bi Mwanarusi alikwisha kufa. Kilichimbwa na mwanawe, Abdulkadir, mfanyabiashara wa nguo, kiwe sadaka ya mamake. Nanyi mwajua mambo hayo: kila mtu anywapo, aogapo, atawadhapo kwa maji yale, marehemu hupata thawabu kule aliko. Abdulkadir alimpenda mamake. Hilo nalisema kwa haki. Kila Ijumaa alikuwa akija mwenyewe kukiombea dua, na kukagua kamba na ndoo. Na mifereji yetu ilikuwa hivi: hupiga chafya asubuhi, kisha kimya mpaka juma jingine. Kwa hivyo kisima kile kilikuwa ndicho roho ya mtaa.

Mwaka wa tisini na saba zilikuja zile mvua. Sina haja ya kutia chumvi, mvua zenyewe zilikuwa za chumvi. Mashimo ya vyoo yalifurika, barabara za Makupa zikawa mito, na huko Makupa watu wakaanza kutapika na kuhara, mtu yu mzima asubuhi, jioni macho yameingia ndani. Khairiya akaacha kulala. Alizunguka visima vya Mji wa Kale akitia maji kwenye vichupa vyenye karatasi fulani ndani. Maji yakiwa safi, kichupa hubaki cheupe. Yakiwa yameingiwa na choo, hugeuka cheusi. Kichupa cha kisima cha Bi Mwanarusi kiligeuka cheusi kama kahawa.

Nilikwenda naye dukani kwa Abdulkadir. Sikukaribishwa, lakini nilikwenda.

"Sabalkheri, Ami Abdulkadir."

"Sabalkheri, mwanangu. Mamako hajambo? Karibu ukae. Na wewe," akaniambia mimi, "leo uongo wako uache nje, nina wateja."

Khairiya akakiweka kichupa mezani, akamweleza. Abdulkadir akasikiliza mpaka mwisho. Akaingia mteja, na Abdulkadir, upesi, akakifunika kichupa kwa kipande cha kanga. Mteja alipotoka hakukifunua.

"Wajua kisima kile ni cha nani, Khairiya?"

"Cha mamako, Allah amrehemu."

"Watu wakinywa pale, mamangu hupata wepesi kaburini. Sasa wewe waja na kichupa waniambia nimkatie?"

"Sisemi umkatie, Ami. Nasema tukizibe, tuweke tangi zuri pale pale, tuvute bomba. Jina libaki lake. Mimi na Jared tutafanya bure."

"Nia yangu ilikuwa kisima. Sikunuia tangi." Akakisukuma kichupa pembeni, kingali kimefunikwa. "Na kichupa ni kichupa. Mimi sijui ulitia n'ni. Nionyeshe kitu cha kuona kwa macho yangu mwenyewe."

Khairiya akamwambia kiko. Kuna unga wa rangi wanaoutumia mainjinia. Ukiutia chooni, kisha maji ya kisima yakatoka na rangi ile, basi hakuna la kubishana tena. Na choo kilicho karibu zaidi na kisima kile kilikuwa cha Bi Zubeida.

Abdulkadir alikubali, kwa sharti moja.

"Mtaa usijue. Rangi ikitoka, niite, nione, nami nitakifunga mwenyewe taratibu, niseme kimeingia chumvi. Lakini asisikie mtu kwamba choo cha mjane wa watu chaingia katika sadaka ya maiti. Bi Zubeida ataishi vipi hapa? Na mamangu atatajwa vipi? Sitara, mwanangu."

Khairiya akaitikia, "Haya."

Mtu wa mbali atauliza, injinia mzima alikubali vipi? Alikubali kwa sababu ni mtoto wa Kibokoni. Sisi hapa aibu ya jirani twaifunika hata kabla hatujaiona vizuri. Jared aliposikia alikunja uso.

"Injinia, tuwaambie watu kwanza."

"Rangi haidhuru mtu, Jared. Nitachungulia kila alfajiri. Ikionekana tu, namwita, anafunga."

"Kwetu tungepiga mbiu."

"Kwenu nyumba zimeachana. Hapa mtu akipiga chafya, nyumba ya tatu wamwombea dua. Nikimfedhehesha Bi Zubeida, hakuna atakayenifungulia mlango tena, na vile visima vingine nitavipima vipi?"

Ilikuwa hoja ya mtu mwenye akili. Hilo ndilo linaloniuma.

Bi Zubeida aliambiwa twamzibulia choo. Akafurahi, akatupikia mahamri. Kazi ya kumwaga rangi niliifanya mimi, kwa kuwa ni kazi ya kitaalamu, na kwa kuwa Jared alikuwa akila mahamri. Unga ulinishika mikono, vidole vyangu kumi vikawa kijani, sabuni haikuutoa.

Khairiya alipiga hesabu zake, akasema itachukua siku kadhaa. Lakini ardhi ilikuwa imelewa mvua, na jiwe la kisiwa hiki limetoboka kama chujio. Alfajiri ya pili alichungulia kisimani, maji meupe. Mara afisi ikamwita, bomba kubwa limepasuka kule Makupa, akapanda lori lao akaenda. Jua lilipopanda, mwanamke mmoja akavuta ndoo, akapiga kelele.

Kijani. Si kijani ya matope, la. Kijani inayong'aa, kama kioo cha chupa juani.

Nilimtuma mtu mbio akamwite Abdulkadir, nami nikashuka. Nilipofika kiugani walikuwa wamekwisha kujaa. Bibi mmoja, namwacha jina, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Hii ndiyo rangi ya nguo iliyofunika jeneza la Mwanarusi. Mimi nilikuwapo." Basi. Hapakuhitajika neno jingine. Mwanamke akapiga kigelegele, mwingine akalia, mwingine akampaka mwanawe maji usoni. Wakakinga viganja, wakanywa.

"Musinywe!" nikapiga ukelele. "Ni choo! Ni rangi, nimeitia mimi chooni kwa Bi Zubeida! Tazameni vidole vyangu!"

Nikainua mikono yote miwili. Mnajua walifanya nini? Mama mmoja alinibusu mkono. Kwa sababu mikono yangu imeshika maji ya Bi Mwanarusi, na imebaki na alama. Wengine wakacheka: "Huyo naye! Leo ametia rangi kisimani, jana alivuta papa masharubu." Nasema kweli kwa mara ya kwanza mbele ya halaiki, na ndiyo siku niliyochekwa vizuri zaidi maishani mwangu.

Abdulkadir akaja. Watu wakampisha. Akainama, akatazama ndani ya kisima, akakaa vile muda. Alijua. Ndiye mtu pekee katika umati ule aliyekuwa akijua kama mimi. Akainua kichwa, na kabla hajafungua kinywa mzee mmoja akamkumbatia: "Hongera, Abdulkadir! Mamako ni katika watu wema." Akabusiwa bega, akabusiwa kipaji cha uso. Machozi yakamtoka, na nadhani yalikuwa ya kweli.

Khairiya alifika mchana, matope mpaka magotini. Alisimama mlangoni mwa kiuga, akaona ile foleni, chupa, madebe, watu kutoka Kuze na mpaka Majengo. Uso wake uliokauka pale sitausahau. Akapenya mpaka mbele, akaishika kamba ya ndoo.

"Jamani, hii ni rangi niliyoitia mimi, chooni. Maji haya ni maji ya choo. Yana maradhi ya Makupa. Musinywe, kwa jina la Mwenyezi Mungu."

"Choo cha nani?" Bi Zubeida akauliza, nyuma.

Khairiya akainamisha macho. Hilo lilitosha, maana asubuhi nilikwisha kulitaja jina mimi, na kila mtu akageuka kumtazama Bi Zubeida.

"Changu mimi? Changu?" Sauti ya Bi Zubeida ikapasuka. "Khairiya, mimi nilikubeba mgongoni! Niliwapikia mahamri!"

"Bi Zubeida, niwie radhi." Kisha akageuka. "Ami Abdulkadir, waambie. Wewe ulijua. Tulikubaliana."

Abdulkadir alitazama watu waliombusu bega. Alitazama kisima. Akasema, polepole, kama anayesoma kitu kigumu:

"Allah ndiye ajuaye."

Akatoka. Mtu akamnyang'anya Khairiya kamba.

Ijumaa imamu alisema juu ya mimbari kwamba rangi si dini, na kwamba wamsikilize binti wa watu. Wote wakaitika amin, wakatoka, wakaokota chupa zao pale walipokuwa wameziacha viatuni.

Thoya alikuja na mkokoteni wake. Kwa kweli alikuja kuuliza kwanza.

"Injinia wangu, ni kweli wanavyosema, au ni kweli unavyosema wewe?"

"Ni choo, Thoya. Usinywe, na usiuze."

"Wateja wa Buxton wataka ya kijani, hawataki mengine. Nisipopeleka mimi atapeleka Gunga, muuza maji mwenzangu." Akakuna kichwa. "Mimi nitauza tu. Sitakunywa."

Mtu anayesukuma mkokoteni toka Kibokoni mpaka Buxton katika joto la baada ya mvua, amebeba maji, na hana maji mengine. Nyinyi semeni kama alikunywa au hakunywa.

Thoya aliugua, akalala kwenye baraza ya hospitali, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimejaa. Khairiya alikaa naye akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, mimi nikishika taa ya mafuta umeme ulipokatika. Thoya alikufa akimwomba radhi. Yeye, Thoya, amwombe radhi Khairiya! Na hakuwa peke yake, mtaa wetu ulitoa majeneza, na mengine yalitoka nyumba zilizompigia Bi Mwanarusi vigelegele. Idadi sitaitaja. Nikiitaja mtasema nimezidisha, na hii moja sitaki mtu aipunguze.

Tulimzika Thoya kwao Kaloleni. Kutoka mjini tulikwenda sisi watu watatu tu, na Jared mmoja wetu. Mkewe, Kache, alimkaribisha Khairiya kwa adabu, akamwekea kigoda. Kisha akamwuliza:

"Injinia, hiyo rangi mliitia kwa siri?"

"Ndiyo."

"Mbona mlificha?"

Khairiya alifungua kinywa. Angesema sitara, na neno hilo kule kaburini kwa Thoya lingesikika vipi? Akafunga kinywa.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo nilipojua watu ni hodari wa kuchagua. Wale wale waliokataa kwamba Khairiya alitia rangi, baada ya majeneza waliamini. Kumbe kweli alitia! Basi ni hiyo rangi iliyoua! Binti wa mabomba ametia sumu kisima cha marehemu! Jared alizunguka akiwaelezea kwamba rangi haiui, kilichoua kilikuwamo kabla. Wakamwuliza yeye ni wa wapi. Bi Zubeida alihamia kwa mwanawe Malindi, hakuaga. Ukuta wetu upande ule uko kimya mpaka leo, na mimi niliyekuwa nikimwogopa ulimi, sasa hupitisha mkono juu ya ule ukuta kama mjinga.

Afisi nayo ikamwuliza Khairiya nani alimpa ruhusa. Hawakumfukuza. Walimhamisha ghalani, ahesabu viungo vya mabomba na kuwapa wengine waende kazini. Ndipo alipo, na huu ni mwaka wa tisini na tisa. Jumamosi hulala. Jared alipata kazi Kisumu. Spana zao ziko chini ya kitanda changu, nazipaka grisi.

Abdulkadir alitoa sadaka kubwa msikitini mwaka ule. Tukikutana njiani hunisalimu kwa maneno yote ya salamu, moja moja, wala haruki hata moja. Nami huitikia.

Kilichobaki ni siku ya kukiziba kisima. Amri ilitoka juu, baada ya majeneza, kwamba kizibwe. Khairiya aliomba akizibe yeye mwenyewe, na wakamruhusu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi ile. Na hapa, ndugu msomaji, hapa ndipo haki ilipotoka mafichoni, maana asubuhi ile mtaa mzima ulishuka kiugani, wazee kwa watoto, wanawake wamejaa madirishani, na mimi zege lote nililikoroga peke yangu kwa mkono mmoja, na nilipoinua kichwa nikamwona Abdulkadir yuaja, kanzu ameipandisha, amebeba ndoo ya kwanza ya kokoto kichwani mwake, machozi yanamtiririka ndevuni, akamshika Khairiya mkono mbele ya watu wote, akasema, "Waungwana, mimi nilijua, nilijua tangu mwanzo, na kwa hivyo leo nasimama hapa nim—"

"Mjomba." Khairiya amesimama nyuma yangu, ametoka kazini, na sijui ameanza kusoma kuanzia wapi. "Futa hilo. Hakuja mtu."